Bima ya gari kwa dereva anayehesabiwa kuwa wa hatari: mwongozo kamili kwa wakaaji wa Lubumbashi

Kama una teksi inayozunguka kati ya komini ya Kenya na katikati ya mji, lori linaloshuka mpakani Kasumbalesa kila wiki, permi ya kuendesha iliyotoka mwaka huu, au ajali mbili mgongoni, basi mbele ya dirisha la bima wewe si mteja kama wengine. Utaulizwa maswali mengi, na bei utakayopewa itakuwa juu ya ile aliyopewa jirani yako mwenye gari la kwenda kanisani. Wengi wakiona hivyo hukimbilia moja ya njia mbili: wanapunguza ukweli ili bei ishuke, au wananunua karatasi ya bei ndogo kwa mtu wa njiani, mradi tu polisi wa roulage, yaani wa barabarani, awaachie wapite. Njia zote mbili zinamwacha mtu bila bima siku ile anayoihitaji. Nitaeleza hapa namna ya kupata bima ambayo italipa kweli, na namna ya kushusha bei yake bila kudanganya.

Sheria inataka nini

Lazima ya kuwa na bima ya gari si ya jana. Sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973 ndiyo iliyomtaka kila anayetembeza gari barabarani awe na bima ya responsabilité civile, ile tunayoiita RC kwa kifupi. Kwa miaka mingi aliyeiuza ni SONAS peke yake, kampuni ya serikali iliyoundwa mwaka 1966. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, yaani Code des assurances, iliondoa ukiritimba huo lakini lazima ya RC ikabaki palepale. Tangu 2019 kampuni za watu binafsi zimekuwa zikipata vibali, ndiyo maana leo unaona majina kama Rawsur, Activa, SFA, Sunu na Mayfair pembeni ya SONAS. Anayetoa vibali na kuchunga soko lote ni ARCA, mamlaka ya serikali ya kusimamia bima.

RC inalipa hasara uliyomletea mtu mwingine: mguu uliovunjika, ukuta ulioangushwa, gari la mwenzako. Gari lako mwenyewe hailitengenezi. Wewe mwenyewe ukiumia ukiwa kwenye usukani, hailipi hospitali yako. Nalirudia hili kwa sababu watu wengi hugundua garajini, wakati gari limeshafunguliwa, kwamba karatasi iliyobandikwa kiooni haikuwekwa kwa ajili ya gari lao.

Kwa nini basi ulipie kitu kinachomfaa mwingine? Kwa sababu deni ni lako. Kifungu cha 258 cha Code civil, kitabu cha tatu, kinasema anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuilipa. Kifungu cha 260 kinakwenda mbali zaidi: mtu anajibu pia kwa hasara iliyoletwa na watu anaowatuma kazi na kwa vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Wewe mwenye teksi unaweza kuwa umelala nyumbani, shofere akagonga mtoto huko komini ya Katuba, na mahakama ikakuita wewe. Bila bima, kitakachotazamwa ni lupango lako, yaani kiwanja chako, duka lako na mshahara wako.

Nani anahesabiwa kuwa wa hatari

Neno hilo halimaanishi mtu mbaya. Kampuni ya bima inauliza maswali mawili tu: kuna uwezekano gani gari hili lisababishe ajali, na ajali hiyo ikitokea itagharimu kiasi gani? Ukiwa juu kwa moja kati ya hayo mawili, bei yako inapanda.

Kwanza ni gari la kazi. Teksi iko barabarani kuanzia alfajiri hadi usiku, shofere anakimbizana na versement ya siku, yaani pesa anazopaswa kumletea mwenye gari, na ndani mna abiria wanne au watano ambao kila mmoja ni mtu wa kulipwa akiumia. Basi dogo ni hivyohivyo, na kila kiti kina uzito wake kwenye hesabu. Pikipiki ya teksi ni nafuu kuinunua, lakini abiria wake hana bati la kumkinga.

Pili ni mizigo. Lori la katodi za shaba ni zito na breki zake huchoka kwenye miteremko. Lori la asidi ya salfa au la mafuta ni jambo jingine kabisa, maana likianguka linaunguza watu, mashamba na maji. Ukibeba vitu hivyo, usitegemee kwamba RC ya kawaida ya mizigo inavifunika. Uliza kwa maneno hayohayo, na jibu liandikwe ndani ya mkataba.

Tatu ni usukani wa upande wa kuume. Kwetu tunatembea upande wa kuume wa barabara, na magari mengi yaliyotoka Japani kupitia Dar es Salaam yalitengenezwa kwa ajili ya nchi zinazotembea kushoto. Dereva wake akitaka kulipita lori kwenye barabara ya Likasi, lazima atoe pua ya gari zima ndipo aone kinachokuja mbele. Kampuni zinalijua hilo. Litaje gari lako kama lilivyo, tena kabla ya kuulizwa.

Mwishoni wapo wenye historia: permi changa, ajali za nyuma, dereva aliyewahi kukamatwa amelewa, mkataba uliovunjwa na kampuni nyingine, au miezi mingi bila bima yoyote. Miezi hiyo mitupu inahesabiwa vibaya kuliko watu wanavyofikiri. Kampuni ikiona gari limetembea mwaka mzima bila bima, itauliza mwaka huo lilikuwa linafanya nini.

Hatua ya kwanza: tayarisha karatasi kabla ya kuuliza bei

Usianze na simu ya "bei ngapi?". Utapewa bei ya gari ambalo si lako. Kusanya kwanza karatasi hizi: carte rose (kadi ya gari yenye jina la mwenyewe), permi ya kila mtu atakayeliendesha gari, karatasi ya contrôle technique (ukaguzi wa hali ya gari), vignette (ya kodi ya gari), kitambulisho chako, na mkataba wa bima uliopita kama upo. Kwa lori au basi ongeza karatasi inayoonyesha uzito linaobeba au idadi ya viti.

Kuna karatasi moja ambayo karibu hakuna anayeiomba, nayo ndiyo ya maana sana kwa mwenye historia nzito. Mwombe bima wako wa zamani akupe barua yenye muhuri inayosema ulikuwa mteja wake tangu lini hadi lini, ulitangaza ajali ngapi, na ngapi zilikuwa za kosa lako. Bila barua hiyo, ajali moja uliyoifanya inaweza kudhaniwa kuwa tatu. Ukiwa nayo, una kitu cha kuweka mezani unapoomba punguzo.

Kagua pia jina lililo kwenye carte rose. Magari mengi ya mji huu yamebadili mikono mara nyingi bila carte rose kubadilishwa. Kama bado ina jina la mwenye zamani, limalize jambo hilo kwanza. La sivyo, siku ya fidia mtaanza kubishana kuhusu gari ni la nani.

Hatua ya pili: sema gari linafanya kazi gani

Hapa ndipo bima nyingi zinapovunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mazungumzo yenyewe huwa hivi. Baba amesimama mbele ya dirisha, funguo mkononi. Mama wa ofisini anamuuliza:

– Papa, gari ni ya kazi gani?

– Ya nyumbani tu, mama. Kupeleka watoto shuleni.

– Na ile rangi ya teksi niliyoiona nje?

– Aah, ile ni ya zamani, mama. Tutaipaka upya.

Mama anaandika "tourisme", yaani gari la matumizi ya binafsi, maana ndilo jibu alilopewa. Baba anatoka amefurahi kwamba ameokoa makumi kadhaa ya dola. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi gari lile linaita abiria.

Tuseme miezi mitatu baadaye gari linagonga. Abiria wanawaambia polisi kwamba walilipa nauli, na polisi wanaliandika neno hilo kwenye PV, yaani ripoti yao ya ajali. Kampuni inaweka PV pembeni ya mkataba. Kama uongo ulikuwa wa makusudi, sheria za bima zinaruhusu mkataba uhesabiwe kama haukuwahi kuwapo, na pesa ulizolipa hazirudi. Kama ilikuwa ni kusahau bila nia mbaya, fidia inakatwa kulingana na ulichopunguza. Hesabu yake ni rahisi: tuseme ungepaswa kulipa dola 200 na ulilipa 120. Umelipa asilimia 60 ya bei ya kweli. Kwa hasara ya dola 5.000, kampuni itatoa 3.000. Zile 2.000 zinabaki kwako, kwa ajili ya akiba ya dola 80.

Na kuna jambo linalosahaulika: hata pale ambapo kampuni inamlipa kwanza majeruhi, mkataba unaweza kuipa haki ya kurudi kwako kudai ilichotoa.

Basi mambo ya kusema wazi ni haya, hata usipoulizwa: gari linabeba abiria wa kulipa au la, nani wote wanaliendesha, linalala wapi usiku, linavuka mpaka au la, usukani uko upande gani, na ajali zilizopita. Likibadilika lolote katikati ya mwaka, kwa mfano gari la nyumbani likaanza kazi ya teksi, rudi ofisini uombe avenant, yaani karatasi ya kurekebisha mkataba. Utaongeza kiasi fulani, lakini mkataba wako utabaki hai.

Hatua ya tatu: chagua ununue nini juu ya RC

RC ni ya lazima. Mengine ni hiari yako, na kwa mwenye gari la hatari kila ongezeko lina bei kubwa, kwa hiyo chagua kwa akili badala ya kuchukua kila kitu au kuacha kila kitu.

Kwa teksi na mabasi, bima ya watu walio ndani, pamoja na shofere mwenyewe, ndiyo ningeiweka mbele ya yote. Shofere wa Lubumbashi mara nyingi hana akiba, na mwenye gari ndiye anayepigiwa simu kutoka hospitalini. Dhamana ya kulipia wakili na kesi nayo ni ya maana kwa anayetembea sana, kwa sababu ajali yenye kifo haiishii kwa polisi, inafika parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka.

Bima kamili, ile tous risques, inalitengeneza hata gari lako. Kabla ya kuitaka, fanya hesabu. Tuseme gari lina thamani ya dola 6.000 leo, siyo uliponunua. Tuseme tena franchise, yaani sehemu unayobaki nayo mwenyewe kila ajali, ni dola 600. Gari likikwaruzwa kwa dola 400, kampuni haitoi kitu. Gari kuukuu la dola 2.500 halistahili bima ya namna hiyo. Weka pesa hizo pembeni kila mwezi. Lori jipya lililonunuliwa kwa mkopo ni tofauti, na kwa kawaida benki yenyewe itadai bima kamili.

Na usishushe thamani ya gari ili bei ipungue. Gari la dola 10.000 ukilitangaza 6.000, hasara ya dola 3.000 italipwa 1.800, kwa kanuni ileile ya mgao niliyoionyesha juu.

Hatua ya nne: elewa bei inatoka wapi

Bei ya RC hujengwa kwa tabaka. Chini kabisa kuna aina ya matumizi: tourisme, usafiri wa watu, mizigo, pikipiki. Juu yake kuna nguvu ya injini kwa hesabu ya chevaux fiscaux, idadi ya viti au tani, kisha muda wa mkataba. Halafu yanakuja maongezo kwa sababu ya dereva na historia yake. Mwisho kabisa kuna gharama za karatasi na kodi. TVA, kodi ya ongezeko la thamani, kwa kawaida nchini Kongo ni asilimia 16. Ukilinganisha kampuni mbili, linganisha jumla ya mwisho. Mmoja anaweza kukutajia bei kabla ya kodi na mwingine baada yake, ukadhani wa kwanza ni nafuu.

Mkataba wa miezi mitatu unaonekana mwepesi mfukoni, lakini kwa kawaida mikataba minne ya namna hiyo inazidi mmoja wa mwaka. Kibaya zaidi, kila mwisho wa miezi mitatu kuna siku moja au mbili za kusahau, na ajali haingojei. Mwenye teksi anaweza kuweka sehemu ndogo ya versement pembeni kila siku ili mwaka ukiisha pesa ziwe tayari. Hiyo ni njia bora kuliko mikataba mifupi.

Utasikia pia maneno bonus na malus, yaani punguzo kwa asiye na ajali na nyongeza kwa mwenye ajali. Ufaransa, ambako msamiati wa mikataba yetu ulitoka, hesabu yake iko ndani ya sheria: mtu anaanza na 1,00, kila mwaka bila ajali ya kosa lake namba inazidishwa kwa 0,95, na kila ajali ya kosa lake kwa 1,25, bila kushuka chini ya 0,50 wala kupita 3,50. Ajali mbili mwaka mmoja zinakupeleka 1,56, yaani bei ya dola 100 inakuwa 156. Usiichukue hesabu hiyo kama ya Kongo. Lakini inakupa maswali mazuri ya kumuuliza wakala: ajali moja inaongeza asilimia ngapi kwenu? Inahesabiwa kwa miaka mingapi? Nisipopata ajali mwaka mzima, nashuka kiasi gani, na imeandikwa wapi?

Hatua ya tano: soma attestation palepale

Kabla hujatoka ofisini, shika carte rose kwa mkono mmoja na attestation, yaani cheti cha bima, kwa mwingine. Namba ya gari, herufi kwa herufi. Namba ya shasi, yote, maana tarakimu moja iliyokosewa inaligeuza gari kuwa lingine. Mstari wa matumizi: kama wewe ni teksi, isiandikwe tourisme. Idadi ya viti. Tarehe ya kuanza na ya kuisha, na saa kama ipo. Muhuri, sahihi, jina la kampuni. Kosa likirekebishwa siku hiyo ni dakika tano. Likigunduliwa baada ya ajali ni miezi.

Lipa kwa kaunta au kwenye akaunti ya kampuni, na ushike risiti yenye jina la kampuni na namba ya mkataba wako. Mtu anayekuuzia attestation chini ya mwembe, bila risiti, bila mkataba, amekuuzia karatasi tupu. Inaweza kukupitisha barabarani mara kadhaa. Lakini siku mtu atakapoumia, namba yake itatafutwa kwenye kampuni na haitaonekana, na wewe utakuwa na kesi ya pili juu ya ile ya ajali. Ukitumia courtier, yaani dalali wa bima, uliza kibali chake. ARCA hutangaza orodha ya kampuni na madalali walioruhusiwa.

Piga picha karatasi zote uziweke kwenye simu yako na ya shofere.

Ukivuka mpaka

Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni safari fupi, na wengi wanapita kwenda Chililabombwe, Chingola au Ndola. RC ya Kongo inakoma mpakani. Kwa Zambia unahitaji Carte jaune (kadi ya njano) ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mpango ulioanza kufanya kazi mwaka 1987. Kadi hiyo inaongezwa juu ya bima halali ya nyumbani, haisimami peke yake. Inafunika hasara unayowaletea wengine kwa viwango vya nchi uliyomo, pamoja na matibabu ya dereva na abiria. Gari lako halimo, mzigo wako haumo. Tanzania ilitoka COMESA lakini imebaki ndani ya mpango wa kadi, kwa hiyo lori linalokwenda Dar es Salaam linaweza kupita Zambia na Tanzania kwa kadi moja, mradi nchi hizo zimeandikwa juu yake.

Wanaoshuka hadi Durban wajue kwamba Afrika Kusini haimo. Huko watu walioumia hulipwa na Road Accident Fund, mfuko unaopata pesa zake kutoka kwenye bei ya mafuta, lakini mfuko huo haulipi magari wala mali zilizoharibika. Ukiponda gari la mtu Afrika Kusini, deni hilo linakufuata, kwa hiyo zungumza na kampuni yako kabla ya safari.

Na kwa dereva aliyezoea upande wetu: Zambia wanatembea kushoto. Hatari iko kwenye kona ya kwanza baada ya kusimama kunywa maji, mwili unaporudi kwenye mazoea. Shofere asiyewahi kuvuka asiachwe peke yake safari ya kwanza.

Siku ya ajali

Majeruhi kwanza, hilo halina mjadala. Kisha picha: magari kabla hayajasogezwa, namba zake, alama za breki, hali ya barabara, kiti na usukani. Andika majina na simu za mashahidi wawili wasio ndugu zako. Ita PCR, polisi wa barabarani, waandike PV, na usiweke sahihi chini ya maneno usiyoyaelewa. Kifaransa kikikushinda, omba usomewe kwa Kiswahili.

Usikubali kosa kwa maandishi njiani, na usiahidi kulipa. Kumhurumia aliyeumia na kumpeleka hospitali si kukubali kosa, kwa hiyo usiogope kumsaidia. Lakini makubaliano ya pesa kati ya familia, bila kampuni kujua, yanaweza kukunyima fidia.

Tangaza ajali kwa maandishi siku ya kwanza ya kazi inayofuata. Mkataba unataja siku zake, ni chache, na zikipita unaipa kampuni sababu ya kukataa. Peleka nakala mbili, moja irudi kwako na muhuri wa kupokelewa. Gari lisifunguliwe garajini kabla ya expert, yaani mkaguzi wa kampuni, kulitazama, hata fundi akisema ana nafasi leo tu.

Kushusha bei mwaka hadi mwaka

Kampuni haiamini ahadi, inaamini rekodi. Kwa mwenye teksi au lori, weka daftari la gari: tarehe ya breki, magurudumu, taa, mafuta. Tia ndani jina la kila shofere na nakala ya permi yake. Mashofere watatu wanaopokezana bila utaratibu wanapandisha bei. Shofere mmoja mwenye miaka mitano bila ajali anaishusha. Kama una magari manne, yaweke yote kwa kampuni moja uombe bei ya kundi. Kubali franchise kubwa kidogo kwenye bima kamili, endapo una akiba ya kuilipa. Ndani ya mji, gari linalolala ndani ya ukuta na mlinzi lina hoja zaidi ya linalolala njiani.

Kitu kinachopandisha hatari ya mashofere wetu kuliko vyote ni versement iliyowekwa juu mno. Shofere anayetakiwa kuleta pesa zisizopatikana kwa mwendo wa kawaida ataendesha kwa mwendo usio wa kawaida, hata mvua za Januari zikiwa zimefunika mashimo. Mwenye gari akiipunguza kidogo, anajilipa mwenyewe kwenye bima na kwenye garaji.

Ukikataliwa, na neno juu ya SR-22

Vijana wengi hutazama video za Marekani kuhusu madereva wa hatari kisha wanakuja kuuliza SR-22 inapatikana wapi Lubumbashi. Haipo huku. Ni fomu ambayo kampuni ya bima ya Marekani inaituma kwa serikali ya jimbo kuthibitisha kwamba dereva aliyenyang'anywa permi, kwa ulevi au kwa kuendesha bila bima kwa mfano, sasa ana bima. Katika majimbo mengi inadaiwa kwa miaka mitatu hivi. Malipo yakikatika, kampuni inalijulisha jimbo na permi inasimamishwa tena. Florida na Virginia zina FR-44 kwa makosa ya ulevi, yenye viwango vya juu zaidi. Hili litawafaa ndugu zetu waliohamia huko. Aliyeko Texas, kwa mfano, anatakiwa angalau kuwa na dola 30.000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 60.000 kwa ajali nzima na 25.000 kwa mali, na hata asiye na gari anaweza kununua bima ya dereva asiye na gari ili apate fomu yake.

Kwetu, ukikataliwa na kampuni moja, omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi ni kitu kinachorekebishika: contrôle technique iliyokwisha, carte rose yenye jina la mtu mwingine, deni la mwaka jana. Rekebisha, kisha nenda kwa kampuni ya pili na ya tatu, au mpe courtier mwenye kibali akutafutie, na useme kwamba ulikataliwa, maana swali hilo liko kwenye fomu nyingi. Kama una mkataba tayari na kampuni inakataa kulipa fidia yako, andika barua kwa uongozi wake, ueleze namba ya mkataba, tarehe ya ajali na unachodai, ushike nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, au wakijibu bila sababu ya kueleweka, peleka faili lote ARCA: mkataba, risiti, attestation, PV, tangazo la ajali, picha, na barua hiyo yenye muhuri.